Enrico Fermi: Bingwa wa makadirio aliyewasha moto wa atomu

Simu uliyoshika sasa hivi inafanya kazi kwa kanuni iliyoandikwa mwaka 1926 na kijana Mwitaliano wa miaka 24. Jina lake Enrico Fermi. Huyohuyo ndiye aliyeongoza ujenzi wa kinu cha kwanza cha nyuklia duniani. Mradi wa bomu ulitegemea sana madini ya jirani zetu, Kongo.

Fermi alizaliwa Roma tarehe 29 Septemba 1901. Baba alifanya kazi wizara ya reli, mama alikuwa mwalimu. Mwaka 1915 kaka yake Giulio alifariki kwenye upasuaji mdogo wa koo. Wawili hao walikuwa hawaachani. Enrico akajizamisha kwenye vitabu vya fizikia, vingine vya mtumba. Alipata udaktari wake Pisa mwaka 1922, hajatimiza hata miaka 21.

Siti moja, elektroni moja

Ndani ya kipande cha chuma kuna elektroni nyingi mno, huwezi kuifuatilia moja moja. Unachoweza ni kukadiria tabia ya kundi zima. Hiyo ndiyo fizikia ya takwimu.

Fermi alianzia kwenye wazo la Wolfgang Pauli. Elektroni si kama abiria wa Coaster ya Tukuyu kwenda Mbeya, wanaobanana wanne kwenye siti ya watatu. Kwao siti moja ni elektroni moja tu. Siti za chini zikijaa, nyingine zinalazimika kupanda juu, kwenye nishati kubwa zaidi. Mwingereza Paul Dirac naye alifikia hesabu hiyo mwaka huohuo, ndiyo maana inabeba majina yao wote wawili. Watengenezaji wa chipu za simu wanaitegemea mpaka leo.

Nyutroni za mwendo mdogo

Mwaka 1934 Fermi na vijana wake Roma walikuwa wanapiga atomu za aina mbalimbali kwa nyutroni. Wakaona jambo la ajabu: nyutroni zikipita kwanza kwenye nta, ile ya mishumaa, zinapunguza mwendo, na kiini cha atomu kinazidaka kwa urahisi zaidi.

Walipopiga urani, Fermi alidhani wamepata elementi mpya. Kumbe walikuwa wameipasua atomu bila kujua. Ukweli ulijulikana mwishoni mwa 1938, kupitia wanasayansi wa Ujerumani.

Mwezi huohuo wa Desemba Fermi alikuwa Stockholm akipokea Tuzo ya Nobel. Mke wake Laura alitoka familia ya Kiyahudi, na Mussolini alikuwa ameshatunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Basi familia haikurudi nyumbani. Ikapanda meli hadi New York, ikafika Januari 2, 1939.

Chicago na Shinkolobwe

Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo Chicago, kinu chake kikawaka. Lilikuwa rundo la matofali ya grafati na urani, halina ukuta wa kuzuia mionzi, katikati ya jiji. Fermi aliamini hesabu zake kiasi kwamba kazi ilipokaribia kilele, aliwaambia watu waende kwanza kula chakula cha mchana. Nguvu iliyotoka siku ile ilikuwa nusu wati tu, haiwezi hata kuwasha balbu. Lakini njia ya bomu ilikuwa imefunguka.

Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, mgodi wa kampuni ya Union Minière. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 zilisafirishwa hadi New York. Tani ziliandikwa vizuri vitabuni. Wachimbaji Wakongo, waliokuwa chini ya ukoloni wa Ubelgiji, majina yao hayatajwi kwenye hadithi hii.

Bomu la majaribio lilipolipuliwa jangwani New Mexico, Julai 16, 1945, Fermi alidondosha vipande vya karatasi na kuangalia upepo wa mlipuko umevisukuma umbali gani. Akakadiria nguvu ya tani 10,000 za baruti. Vipimo vya baadaye vilionesha ni kama mara mbili ya hapo, na kwa vipande vya karatasi hayo si makadirio mabaya.

Wiki tatu baadaye Hiroshima ikateketea. Fermi hakuwa mtazamaji tu: mwezi Juni alikuwa mmoja wa wanasayansi wanne walioishauri serikali kwamba hawaoni njia nyingine zaidi ya kulitumia bomu vitani. Mwaka 1949, bomu kubwa zaidi la haidrojeni lilipopendekezwa, yeye na Isidor Rabi walilipinga kwa maandishi, kwa sababu za kiutu. Serikali ikaendelea nalo.

Alifariki kwa saratani ya tumbo Chicago, Novemba 28, 1954, akiwa na miaka 53.

Inatuhusu nini?

Kijana wa sekondari pale Bulyaga anaweza kuanza na mtindo wa Fermi leo. Ndizi ngapi zinatoka Tukuyu kwa siku? Usikimbilie Google. Kadiria malori, kisha mikungu kwa lori, kisha ndizi kwa mkungu, uzidishe. Jibu halitakuwa kamili, ila hutakuwa mbali sana.

Tanzania nayo ina urani, Mto Mkuju wilayani Namtumbo. Kobalti ya kutibu saratani kwa mionzi hutengenezwa ndani ya vinu vilivyotokana na kile cha Chicago. Urani ya Shinkolobwe iliondoka wakati wenyeji hawana sauti wala hesabu zake. Ya kwetu itahitaji vijana wanaoweza kuzipiga hesabu hizo wenyewe, na kuuliza mapema inakwenda kufanya kazi gani.