Juliana Berners

Juliana Berners (pia: Julyans Barnes, Juliana Barnes au Bernes, anadhaniwa kuishi katika karne ya 15) ni mwanamke wa Uingereza ambaye jina lake limeunganishwa na Kitabu cha St Albans, mkusanyo wa maandishi kuhusu uwindaji uliochapwa mwaka 1486. Anatajwa pia kuwa mtunzi wa mwongozo wa uvuvi wa ndoano ulioongezwa katika toleo la mwaka 1496. Mwongozo huo ndio maandishi ya kwanza ya Kiingereza yaliyochapwa yanayomfundisha mtu kujitengenezea nyumbani fimbo ya kuvulia, mshipi, ndoano na chambo bandia.

Kwa sababu hiyo jina lake halikosekani katika vitabu vya historia ya uvuvi wa kujiburudisha. Hata hivyo habari za hakika za maisha yake ni chache mno, na nyingi kati ya zile zinazosimuliwa ziliandikwa miongo mingi baada ya kitabu kutoka.

Maisha

Ushahidi wa karibu zaidi ni mstari mmoja tu. Mwishoni mwa sehemu ya kuwinda wanyama, katika chapa ya mwaka 1486, mchapishaji aliweka jina la Bibi Julyans Barnes kama mwenye maandishi hayo. Hakueleza alikuwa nani, aliishi wapi, wala kama alikuwa bado hai.

Katika karne ya 16 John Bale, aliyekusanya habari za waandishi wa Uingereza, alimwingiza katika orodha yake na kumsifu kuwa mwanamke wa ukoo bora, mwenye elimu na sura nzuri, aliyestawi karibu na mwaka 1460. Baadaye William Burton, mwanahistoria aliyefariki mwaka 1645, aliandika kwa mkono katika nakala yake ya kitabu kwamba Juliana alikuwa mkuu wa watawa wa Sopwell. Hiyo ilikuwa nyumba ya watawa wa kike Wabenedikto karibu na mji wa St Albans, chini ya abasia kubwa ya mji huo. Wengine waliongeza kuwa alikuwa binti wa Sir James Berners, kabaila aliyekatwa kichwa mwaka 1388 wakati wa mfalme Richard II.

Hesabu ya miaka inaleta shida. Binti wa mtu aliyeuawa mwaka 1388 angekuwa na umri wa karibu miaka 100 kitabu kilipochapwa. Hilo peke yake halikanushi kitu, maana maandishi yangeweza kukaa muda mrefu kabla ya kufikia mtambo wa uchapaji, lakini hakuna hati ya wakati ule inayomtaja binti huyo. Kuhusu utawa, orodha ya wakuu wa Sopwell ina pengo kati ya mwaka 1430 na 1480, na pengo hilo ndilo lililowapa wasimulizi nafasi ya kumweka Juliana. Pengo si ushahidi. Joseph Haslewood, aliyetoa upya kitabu hicho mwanzoni mwa karne ya 19, alipitia madai hayo yote na kuonyesha kwamba mengi yalijengwa juu ya ukoo na cheo visivyothibitishwa.

Picha ya mtawa wa kabaila anayekimbiza paa kwa farasi na kuvua samaki mtoni imependwa sana na waandishi wa uvuvi, na huenda ndiyo iliyolihifadhi jina lake. Kinachoweza kusemwa kwa usalama ni kwamba mwanamke wa jina hilo alijulikana kwa mchapishaji, au kwa hati aliyoitumia, kama mtu mwenye elimu ya kuwinda.

Kitabu cha St Albans

Chapa ya mwaka 1486 ilitoka katika mtambo wa St Albans uliosimamiwa na mchapaji ambaye jina lake halijulikani. Wanahistoria humwita tu mwalimu mchapaji. Ilikuwa na sehemu za kuwinda kwa kutumia ndege waliofunzwa kama vile kozi na mwewe, kuwinda wanyama wa porini, na nembo za koo za makabaila. Nembo hizo zilichapwa kwa wino wa rangi, jambo lililokuwa jipya Uingereza. Sehemu ya kuwinda wanyama imeandikwa kwa mashairi, na ndiyo pekee inayobeba jina la Juliana.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1496, Wynkyn de Worde, aliyerithi mtambo wa William Caxton huko Westminster, alikichapa upya na kuongeza mwongozo wa uvuvi wa ndoano. Mwongozo huo ulikuwa na picha ya mtu mwenye fimbo ndefu amesimama kando ya maji, mshipi wake ukiwa na kiboya. Hakuna jina la mtunzi juu ya sehemu hiyo. Wasomaji wa baadaye waliona jina moja tu ndani ya kitabu kizima wakalipa kazi yote, na tangu hapo Juliana akawa mama wa uvuvi wa fimbo.

Mwongozo wenyewe ni wa zamani kuliko chapa. Kuna sehemu yake iliyoandikwa kwa mkono karibu na mwaka 1450, ambayo leo imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani.

Fimbo ya kujitengenezea

Sehemu ya fimbo ndiyo inayosomwa zaidi hadi leo, kwa kuwa mtu mwenye subira anaweza kuifuata hatua kwa hatua bila fundi wala duka. Mti hukatwa majira ya baridi, kati ya sikukuu ya malaika Mikaeli (29 Septemba) na ile ya Kutolewa Bwana Hekaluni (2 Februari), wakati utomvu umepungua. Linalotakiwa ni gongo la hazeli, mwerebi au aspeni, lenye urefu wa pima moja na nusu, yaani karibu mita 2.7, na unene wa mkono wa mtu.

Gongo hupashwa moto ndani ya tanuri na kunyooshwa likiwa bado moto, kisha huachwa lipoe na kukauka kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo hufungwa kwa kamba imara juu ya boriti iliyonyooka ili lisipinde. Waya mnene wa chuma wenye ncha hutiwa katika moto wa makaa mpaka uwe mweupe, na kwa huo kiini cha gongo huchomwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tundu hupanuliwa kwa vyuma vya kuchomea nyama, kila kimoja kinene kuliko kilichotangulia, mpaka liwe pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Gongo huachwa siku mbili lipoe, hufunguliwa, na kuwekwa juu ndani ya paa la nyumba lipate moshi hadi likauke kabisa. Msomaji aliyekulia katika nyumba ambamo mbegu za mahindi hutundikwa juu ya meko ataelewa mara moja kwa nini.

Sehemu ya juu hutengenezwa kwa vipande viwili: ufito mbichi wa hazeli, na kichipukizi cha mti mgumu kama vile mtofaa mwitu au mjuniperi. Vyote hunyooshwa kwa moto, hukaushwa pamoja na gongo, kisha hufungwa pamoja vizuri kiasi kwamba ncha hiyo yote huweza kuingia ndani ya tundu la gongo. Gongo huchongwa liwe jembamba taratibu kuelekea juu, na miisho yake huvishwa pete za chuma au za shaba ya manjano ili lisipasuke. Upande wa chini huwekwa msumari wa kuzungusha, unaofunguliwa kutoa ncha na kuirudisha.

Matokeo yake ni fimbo ya kutembelea. Mwenye nayo hupita njiani bila mtu kujua anakwenda kuvua. Akifika mtoni hutoa ncha na kuichomeka juu, na fimbo inakuwa na karibu urefu maradufu. Mwongozo unaisifu kuwa nyepesi na nyepesi kutumika.

Fimbo hiyo haikuwa na gurudumu la kukunjia mshipi. Mshipi ulifungwa moja kwa moja kwenye ncha, kwa hiyo urefu na unyumbufu wa fimbo ndio uliomchosha samaki. Mshipi ulisokotwa kwa singa za mkia wa farasi, zikatiwa rangi kufuatana na majira na rangi ya maji. Idadi ya singa ilitegemea samaki: moja kwa vidagaa vya mtoni, tisa kwa trauti wa kawaida, kumi na mbili kwa trauti mkubwa, kumi na tano kwa samoni. Ndoano zilitokana na sindano za kushonea. Sindano ilipashwa moto hadi iwe nyekundu, ikaachwa ipoe, ikainuliwa kijino kwa kisu na kunolewa, ikapashwa tena na kupindwa, kisha ikapashwa mara ya mwisho na kuzamishwa majini ili iwe ngumu. Ni kazi ileile ya mhunzi, ila imepunguzwa ikae juu ya meza. Mwongozo unaeleza pia inzi bandia kumi na wawili wa sufu, hariri na manyoya, waliopangwa kwa miezi ya mwaka.

Kwa msomaji wa Mpanda na mkoa wa Katavi kwa jumla, miti inayotajwa haipatikani porini, lakini mantiki ya kazi haibadiliki. Anayetumia mwanzi hana haja ya kuchoma kiini chote, kwa kuwa mwanzi una uwazi tayari. Kinachobaki ni kutoboa vifundo kwa chuma cha moto. Kukata kunahamia kiangazi badala ya Desemba. Kunyoosha ufito kwa joto la moto na kuukausha polepole kivulini ni maarifa ambayo mafundi wa mishale na mipini wanayo bila kusoma kitabu. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama vile Karema na Ikola, uvuvi wa ndoano hufanywa zaidi kwa mshipi ulioshikwa mkononi ndani ya mtumbwi, na huko fimbo ndefu ingekuwa mzigo. Fimbo ya aina ya Juliana inafaa kwa mtu aliyesimama ukingoni mwa mto mdogo au bwawa.

Masharti ya uvuvi

Mwongozo unaanza kwa kulinganisha burudani nne: kuwinda wanyama, kuwinda kwa ndege waliofunzwa, kutega ndege na kuvua. Uvuvi unashinda kwa sababu hata asiyepata samaki amepata matembezi, hewa safi, harufu ya maua na sauti za ndege.

Mwishoni kuna masharti. Mvuvi asivue katika maji ya mtu maskini bila ruhusa, wala asichukue samaki kutoka katika mitego ya wengine. Asivunje ua wa mtu, na akifungua lango alifunge. Asivue kwa tamaa ya kuongeza mali, bali kwa afya ya mwili na roho, wala asichukue samaki wengi kwa mara moja. Kutoa masharti kama hayo katika karne ya 15 ni jambo la kustaajabisha, na wengine huyahesabu kati ya maandishi ya mwanzo ya hifadhi ya samaki.

Kuna pia maelezo ya wazi ya kwa nini mwongozo uliwekwa ndani ya kitabu kikubwa cha makabaila badala ya kijitabu: kijitabu cha bei ndogo kingefika mikononi mwa wavivu, nao wangemaliza samaki. Katika karne ya 16 uliishia kuchapwa peke yake hata hivyo.

Baada yake

Mwaka 1590 Leonard Mascall alitoa kitabu cha uvuvi kilichochukua mengi kutoka katika mwongozo huo, na kwa njia hiyo inzi kumi na wawili walifika kwa Izaak Walton, ambaye kitabu chake cha mwaka 1653 kilikuwa maarufu kuliko vyote. Walton hakumtaja Juliana kama chanzo.

Gurudumu la mshipi lilianza kutajwa Uingereza katikati ya karne ya 17, na pamoja nalo zikahitajika pete za kupitishia mshipi kando ya fimbo. Katika miaka ya 1840 Samuel Phillippe, fundi bunduki na mtengenezaji wa fidla wa Easton, Pennsylvania, alikuwa kati ya wa kwanza Marekani kugandisha vipande vya mwanzi uliopasuliwa kuwa fimbo moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilikuja fimbo za nyuzi za kioo, na katika miaka ya 1970 za nyuzi za kaboni. Watu wanaojitengenezea fimbo nyumbani leo kwa kawaida hununua ufito mtupu wa kaboni, kisha hufunga pete kwa uzi, hupaka gundi ya kung'aa na kuchonga mshikio wa koki kwa kipimo cha mkono wao.

Swali la mtunzi halijafungwa. Baadhi ya wataalamu humwondoa Juliana kabisa katika uvuvi na kumwachia mashairi ya kuwinda tu. Wengine huona kwamba, kwa kuwa hakuna jina jingine lililowahi kupendekezwa kwa ushahidi bora, hakuna ubaya kulitumia lake. Orodha nyingi za vitabu vya kale bado humtaja kama mtunzi, mara nyingi pamoja na alama ya kuuliza.