Lubbock: Mwenye benki aliyewatafutia wauza maduka siku ya kupumzika

MFANYABIASHARA akiombwa kuchangia utunzaji wa mazingira au kupunguza saa za kazi za kijana wake wa dukani, mara nyingi hujibu kuwa mambo hayo ni ya serikali, yeye kazi yake ni kutafuta faida. Maisha ya John Lubbock wa Uingereza yanaonyesha kuwa mtu anaweza kushika daftari la hesabu maisha yake yote na bado akawafaa wenzake na ardhi.

Lubbock alizaliwa London Aprili 30, 1834, katika familia yenye benki. Alipokuwa mtoto, familia ilihamia shamba la High Elms, karibu na kijiji cha Downe, mkoa wa Kent. Mwaka 1842 alihamia kijijini hapo mtafiti wa viumbe, Charles Darwin. Mtoto huyo wa miaka minane akawa mgeni wa mara kwa mara nyumbani kwa Darwin, na huko akajifunza kuangalia wadudu na mimea kwa makini.

Shule hakukaa sana. Akiwa na umri wa miaka 15 hivi, baba yake alimtoa shuleni Eton akamsaidie kazi ya benki. Alipofika miaka 22 alikuwa tayari mbia, na baba yake alipofariki mwaka 1865, yeye ndiye aliyeshika usukani. Alishiriki pia kuanzisha utaratibu wa kukusanya pamoja hundi za benki za mikoani, ili malipo ya mteja wa mbali yasichelewe. Mwaka 1879 wenzake walimchagua kuwa rais wa kwanza wa chama cha wataalamu wa benki Uingereza.

Mwaka 1870 aliingia bungeni akiwakilisha mji wa Maidstone. Wakati huo makarani na wauza maduka walikuwa na siku chache mno za kupumzika. Wengi waliona ni ukatili, lakini Lubbock, kwa kuwa ni mtu wa benki, alijua kikwazo kilipo. Benki haikuweza kufunga milango siku ambayo hati za madeni zinaiva, kwa sababu mdaiwa asipolipa siku hiyo huhesabiwa ameshindwa kulipa.

Sheria aliyoipeleka bungeni ikapita mwaka 1871. Ilitaja siku nne kwa England, Wales na Ireland, zikiwamo Jumatatu ya Pasaka na Desemba 26, na Scotland ikapewa orodha yake. Ikasema deni linaloiva siku hizo litalipwa siku inayofuata, bila mdaiwa kuhesabiwa mkosaji. Benki zilipofunga, na biashara nyingine nyingi zikafunga. Wananchi wakamshukuru kwa utani, wakiiita siku ya mapumziko ya Agosti kwa jina lake kana kwamba ni mtakatifu. Hata leo, Jumatatu ya Pasaka na Desemba 26 ni siku za mapumziko nchini Tanzania pia.

Suala la vijana wa madukani lilikuwa gumu zaidi. Wenye maduka walihofu kupoteza wateja wa usiku, na wabunge wengine waliona sheria haina haki ya kuingilia mapatano ya tajiri na mfanyakazi wake. Lubbock alirudi na hoja hiyo mara kwa mara. Mwaka 1886 ikapita sheria iliyozuia mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi dukani zaidi ya saa 74 kwa wiki, muda wa kula ukiwamo. Saa hizo bado ni nyingi, na sheria yenyewe haikuweka wakaguzi. Hata hivyo ulikuwa mwanzo, naye hakuacha kudai zaidi.

Kwa upande wa ardhi, anakumbukwa kwa Avebury, kijiji chenye duara la mawe makubwa yaliyosimamishwa na watu wa kale maelfu ya miaka iliyopita. Kwa muda mrefu wakulima na wajenzi waliyavunja ili kupata nafasi ya kulima na mawe ya kujengea. Mwaka 1871 viwanja ndani ya duara hilo vilianza kuuzwa kwa ajili ya nyumba. Lubbock aliposikia, alitoa fedha zake kununua eneo hilo, na waliokuwa wamekwisha kununua wakabadilishiwa viwanja nje ya duara. Mawe yakapona, na wanakijiji hawakukosa pa kujenga.

Lakini alijua kuwa mfuko wa mtu mmoja hautoshi. Mwaka 1873 alipeleka bungeni muswada wa kulinda mabaki ya kale. Wenye mashamba walipinga, wakisema ni kuingilia mali ya mtu. Ulikwama karibu miaka tisa hadi kupita mwaka 1882, ukiwa umepunguzwa makali, kwani mwenye ardhi hakulazimishwa kuukabidhi ulinzi kwa serikali.

Mwaka huohuo alitoa kitabu kuhusu sisimizi, nyuki na nyigu. Alikuwa akiwatia nyuki alama ya rangi ili amtambue kila mmoja, kisha akiweka asali juu ya karatasi za rangi mbalimbali. Hivyo alionyesha kuwa nyuki hutofautisha rangi, jambo lenye maana kwa mfugaji wa nyuki hata sasa.

Lubbock alifariki Mei 28, 1913, akiwa na cheo cha Lord Avebury, jina alilolichukua kutokana na kijiji kile.

Ni kweli alirithi benki na ardhi, na si kila msomaji ana uwezo wa kununua kijiji. Lakini alianzia kwenye kile alichokifahamu kutokana na kazi yake, yaani siku ya kulipa deni. Mwenye duka anazijua saa za kijana wake, na mkulima anaijua chemchemi iliyo mpakani mwa shamba lake. Kila mmoja anaweza kuanzia hapo bila kufunga biashara.