Sheikh Abdullah Saleh Farsy: Aliyeanza Upya Akiwa na Miaka 56

Sifa zote njema ni za Allaah, na Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake wote.

Ndugu zetu katika iymaan, huku visiwani tuna mazoea. Mtu akikaribia kustaafu, watu wake humwambia apumzike, keshafanya yake. Naye huhamia barazani, akawa anahesabu yaliyopita. Wengine hufika umri huo wakiwa wamepoteza kazi, mji au jamaa, wakaona mlango umeshafungwa. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sisi tuliomo katika umri huo, tumeona tumkumbuke mwana wa Unguja, Sheikh Abdullah Saleh Farsy (Rahimahu Allaah).

Sheikh alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma chuoni na katika darsa za misikitini, na miongoni mwa walimu wake ni Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumeit. Akasomea ualimu, akafundisha skuli tangu miaka ya 1930, kisha akawa mkaguzi wa skuli. Pamoja na kazi hiyo ya serikali, aliandika. Aliandika habari za Sayyid Said bin Sultan, na mwaka 1944 alitoa tarehe ya Imaam Shaafi'iy na wanavyuoni wakubwa wa Afrika ya Mashariki. Lau si kitabu hicho, masheikh wetu wengi wa zamani tungelibaki na majina yao tu.

Lakini kazi iliyomshughulisha zaidi ni tafsiri ya Qur-aan. Mwaka 1923 padri wa Kiingereza, Godfrey Dale, alikuwa ameshatoa tafsiri kwa Kiswahili, na mwaka 1953 Makadiani wakatoa yao. Ahlus-Sunnah wa pwani hii walikuwa bado hawana tafsiri yao kamili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliianza kazi hiyo, lakini alifariki mwaka 1947 kabla ya kuimaliza. Sheikh Abdullah akaishika, na vipande vyake vikaanza kutoka Unguja katika miaka ya 1950. Mwaka 1960 akawa kadhi wa Zanzibar.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Mengi yakabadilika, na wanavyuoni kadhaa wakatawanyika, kila mmoja na njia yake. Sheikh alibaki na ukadhi wake hadi mwaka 1967, kisha naye akaondoka kwenda Kenya. Tutazame alichokiacha: mji aliozaliwa, misikiti aliyokuwa akisomesha na watu waliomjua tangu utotoni. Hakuwa tena kijana. Na Mombasa haikuwa na upungufu wa wanavyuoni, kwani ni mji wenye nyumba zake kongwe za elimu.

Mwaka 1968 alishika ukadhi mkuu wa Kenya baada ya Sheikh Muhammad Kassim Mazrui. Alikuwa na miaka 56. Mwaka uliofuata, 1969, Islamic Foundation ya Nairobi ikaichapa tafsiri yake yote, Qurani Takatifu, Kiarabu pamoja na Kiswahili na maelezo yake. Mpaka leo imo katika kabati za nyumba nyingi, Unguja, Pemba na kwengineko.

Wala hakutosheka na hapo. Katika miaka yake ya Kenya alisema na kuandika kwa ukali zaidi dhidi ya mambo aliyoyaona ni bid'ah, yakiwemo baadhi ya mambo ya maulidi, ilhali yeye mwenyewe huko nyuma aliwahi kuyafasiri Maulidi ya Barzanji. Wako waliomuunga mkono na wako waliomjibu, na hapa hatukusudii kuamua baina yao. Tunachokitaka ni hiki: mtu aliyepita miaka 50, mwenye cheo na heshima, aliona rai yake ya mwanzo inahitaji kurekebishwa, akaibadilisha mbele ya watu. Hilo ni zito kuliko kusafiri. Wengi wetu husema umri umetuzuia kubadilika, na kumbe kilichotuzuia ni kuogopa kuonekana tulikosea.

Ukadhi mkuu aliushika kwa zaidi ya miaka 10. Alifariki Muscat, Oman, mwaka 1982. Mwanafunzi wake, Sheikh Saidi Musa, akaandika maisha yake, kama yeye alivyoyaandika ya waliomtangulia.

Ndugu zetu, mazingatio yamo hapa. Sheikh hakwenda Kenya kutafuta la kufanya. Alikwenda na kazi aliyoianza kwao, akaikamilisha ugenini. Basi anayetaka kuanza upya na asihangaike na jipya. Na atazame alichokiacha njiani: hifdhi iliyokatika, kitabu kilichobaki nusu, jamaa ambao hajawaunga. Aanzie hapo. Katika madrasa yetu tunao bibi walioanza alifu wakati wajukuu wao wako Tabaaraka. Huja na mikoba yao alasiri, na hawaoni haya. Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alishukiwa na Wahyi akiwa na miaka 40, na alipohama Makkah alikuwa ameshapita 50.

Na nyinyi vijana, msiwe wa mwanzo kuwaambia wazee wenu wakae. Mzee akitaka kusoma, mtafutieni miwani, msahafu wa maandishi makubwa, na mpunguze sauti ya televisheni.

Tunamuomba Allaah Amrehemu Sheikh Abdullah Saleh Farsy, Amsamehe alipoteleza, Amlipe kwa elimu aliyotuachia, na Atujaalie mwisho wa umri wetu uwe bora kuliko mwanzo wake. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.