Mwenyeheri Giuseppe Ambrosoli, Padre na Daktari Mpasuaji

Mwenyeheri Giuseppe Ambrosoli alizaliwa tarehe 25 Julai 1923 huko Ronago, kaskazini mwa Italia, katika familia ya wafanyabiashara wa asali. Alihitimu udaktari mjini Milano mwaka 1949, akasomea magonjwa ya nchi za joto London, kisha akajiunga na Wamisionari Wakomboni. Tarehe 17 Desemba 1955 alipewa Daraja Takatifu ya Upadre na Askofu Mkuu Giovanni Battista Montini, ambaye baadaye alikuwa Papa Paulo VI. Mwaka uliofuata alitumwa Kalongo, kaskazini mwa Uganda.

Katika miji mikubwa daktari mpasuaji huweza kujikita katika kiungo kimoja: huyu umio, yule mapafu. Padre Ambrosoli hakuwa na nafasi hiyo. Kila aliyeletwa, awe mama aliyeshindwa kujifungua, mkoma au majeruhi, alikuwa wake. Zahanati ndogo aliyoikuta ikakua, ikawa hospitali yenye vitanda zaidi ya 300. Naye alipotambua kwamba mikono yake miwili haitoshi, alianzisha shule ya wakunga mwaka 1959.

Mwezi Februari 1987, vita vilipopamba moto, jeshi liliamuru hospitali ihamwe. Kazi ya miaka 31 ikaachwa nyuma. Figo za padre zilikwisha dhoofika, na madaktari walimtaka apumzike. Hata hivyo hakukubali kurudi Italia kabla ya kuwatafutia wanafunzi wake mahali pa kuendelea na masomo. Walipata nafasi Angal; yeye akafariki dunia mjini Lira tarehe 27 Machi 1987. Hospitali ilifunguliwa tena mwaka 1989, na tarehe 20 Novemba 2022 alitangazwa Mwenyeheri palepale Kalongo.

Sisi wa Njombe na Makambako, ambao tumezoea kuwapeleka wagonjwa wetu Ikonda, katika hospitali ya Wamisionari wa Consolata, tunaweza kuielewa sadaka hiyo. Hospitali ya Kanisa haidumu kwa sababu ya daktari mmoja hodari, bali kwa sababu ya wale aliowafundisha. Basi familia yenye kijana anayesomea uuguzi, ukunga au udaktari isimwache apambane na karo peke yake. Jumuiya ndogondogo zimkumbuke katika sala na katika michango yao.

Mwenyeheri Giuseppe Ambrosoli, utuombee.