William Jones, Mtoto wa Utumwani Aliyefungua Mlango wa Rabai



Kamati ya jubilei ilitupa kurasa hizi tumkumbuke mtu mmoja wa zamani aliyetetea wanyonge. Wengi walidhani tungemchagua mmisionari Johannes Rebmann, kwa kuwa huku kwetu alipita. Mwaka 1848 alikatiza nyika ya Taru, akapita nchi ya Wataita kuelekea Uchagani, akauona Mlima Kilimanjaro, ule ule ambao sisi wa Njukini tunaamka nao kila asubuhi mawingu yakiruhusu. Rebmann tunamheshimu. Lakini tumemchagua msaidizi wake, na sababu ni hilo neno jubilei. Tukisoma Walawi sura ya 25 tunakuta kwamba mwaka wa 50 haukuwa wa keki na sare mpya tu (ingawa sare zetu, tunakiri, zimependeza). Ulikuwa mwaka wa baragumu, ambapo aliyeuzwa utumwani anarudi kwa jamaa zake akiwa huru.

William Jones hakuzaliwa na jina hilo. Alikuwa mtoto wa Kiyao, kutoka kusini upande wa Ziwa Nyasa, akanyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa angali mdogo. Kama wengine wengi walionaswa kisha wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, hakurudishwa kwao, maana nani angejua kwao ni wapi? Alipelekwa India. Huko, karibu na mji wa Nashik, Wamisionari wa CMS walikuwa na kituo kilichoitwa Sharanpur, ambako watoto wa Kiafrika walifundishwa kusoma na kazi za mikono. Ndiyo maana watu hawa waliporudi pwani yetu waliitwa Waafrika wa Bombay.

Jones alirudi mwaka 1864. Rebmann alikuwa amekaa Rabai miaka mingi, waumini wake wakihesabika kwa vidole. Jones na mwenzake Ishmael Semler wakawa mikono yake. Miaka kumi baadaye, baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia sahihi mkataba wa 1873 wa kufunga masoko ya watumwa, CMS ilianzisha kijiji cha Freretown huko Mombasa kwa ajili ya mateka waliookolewa. Ukifika Kongowea leo utasikia kituo kikiitwa Kengeleni. Ni kwa sababu ya kengele ya watu hao.

Tarehe 31 Mei 1885, Jumapili ya Utatu, Askofu James Hannington aliwawekea mikono Jones na Semler wakawa mashemasi. Miezi michache kabla, askofu huyo alikuwa amepita Taveta akienda Moshi kumwona Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Na mwezi Julai alianza safari ya kwenda Buganda, akiwa na wapagazi wapatao 200, na shemasi wake mpya akiwa pamoja naye.

Walipofika kwa Sundu, mahali tunapopajua leo kama Mumias, Hannington alichukua watu 50 akatangulia. Jones aliachwa na msafara asubiri habari. Habari zilikuja na watu wachache waliojinusuru: kwa amri ya Kabaka Mwanga, askofu alikuwa ameuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, pamoja na karibu wote aliokwenda nao. Jones hakukimbia. Alisubiri wiki nyingine kadhaa, asije akaacha mtu nyuma, kisha akawageuza watu wake nyumbani, mamia ya maili. Waliingia Rabai Februari 1886 na bendera ya buluu yenye neno moja jeupe: Ikabodi. Wasomaji wa Samweli wa Kwanza wanalijua jina hilo, alilopewa mtoto siku ambayo utukufu uliondoka Israeli. Wake za wapagazi walikuwa wakingoja njiani, na wengi hawakumwona waliyemngoja.

Kwa safari hiyo Jones hutajwa vitabuni, kisha ukurasa unafunguliwa mwingine. Sisi tunaona lililo kubwa zaidi liko Rabai kwenyewe.

Siku hizo utumwa ulikuwa bado halali pwani. Mkataba wa Sultani ulizuia kuuza na kusafirisha watumwa. Haukumfungua aliyekwisha kununuliwa. Basi watu walitoroka mashamba ya minazi na mtama wakakimbilia misheni, nao wakaitwa watoro. Wenye watumwa walikasirika. Mwaka 1880 walitishia kuishambulia Freretown. Mwaka 1883 David Koi, Mgiriama aliyekuwa kiongozi wa Wakristo na watoro kule Fuladoyo, alikatwa kichwa. Wakuu wa misheni, wakiogopa vita, walitaka watoro wasipokewe.

Jones alikuwa na hoja zote za kutii. Alikuwa chini ya mamlaka, na alijua yaliyompata Koi. Hata hivyo watoro waliokuja Rabai walipata mahali pa kujenga, wakalima, wakabatizwa, wakaketi kanisani kama wenyeji. Mwaka 1888 William Salter Price, mwanzilishi wa Freretown, alirudi kutuliza mambo, na akashtuka kukuta kwamba mamia ya watu aliowadhania huru walikuwa watoro. Lawama ziliangukia Rabai. Je, Jones alikosea kutowaambia wakubwa wake? Katika mazoezi ya Alhamisi tulibishana kuhusu swali hilo mpaka mwalimu wa kwaya akatukumbusha kwamba sauti ya tatu bado haijaiva. Kwa wengi wetu, mtu aliyewahi kuuzwa hawezi kuulizwa kwa nini hakumrudisha mwenzake sokoni.

Yangeweza kuishia kwa moto na damu. Lakini George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa alipofika Mombasa mwaka huo, aliona kampuni yake haitafanya kazi katikati ya ugomvi, akakubaliana na wenye watumwa walipwe. Kampuni ilitoa fedha, serikali ya Uingereza na marafiki wa misheni wakaongeza. Zaidi ya watoro 1,400 wa vituo vya misheni walikombolewa hivyo, na mwanzoni mwa 1889 wakapewa hati zao za uhuru. Kuna kitu cha uchungu hapo, kwamba aliyelipwa ni bwana, wala si aliyelimishwa bure. Nao ambao hawakuwa wamefika misheni waliendelea kuwa mali ya watu. Sheria haikufuta hali ya utumwa pwani ya Kenya hadi 1907.

Bali wale wa Rabai walibaki na mashamba yao na kanisa lao. Hati ilikuwa karatasi ndogo tu yenye jina la mtu.

Katika ratiba ya leo mtaona wimbo wa nne hauna jina la mtunzi wala la mwimbishaji. Tutauimba tukiwa tumesimama, bila kinanda, kwa ajili ya mchungaji huyu na watoro wake. Tunaomba washiriki wote msimame nasi.