Okot p'Bitek na Mswada Uliokosa Mlango

Mwaka 1968 wakazi wa Kisumu walishuhudia tamasha la sanaa lililoandaliwa na mgeni kutoka Uganda. Okot p'Bitek alikuwa ameondolewa katika ukurugenzi wa jumba la taifa la michezo ya kuigiza mjini Kampala, akaja ufuoni kwa Ziwa Viktoria kufundisha masomo ya nje ya chuo kwa niaba ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Ugeni wake haukuwa mkubwa, kwani Kiacholi chake na Kijaluo cha wenyeji ni lugha ndugu.

Wakati huo alikwisha kuwa mtunzi mashuhuri, ingawa umashuhuri wenyewe ulimjia kwa njia ya kuzunguka. Alizaliwa Gulu mwaka 1931, na riwaya yake ya Kiacholi, Lak Tar, ilitolewa na Eagle Press mwaka 1953. Mtu angedhani mlango umekwisha kufunguka. Wapi! Alipotunga umbo la kwanza la Wer pa Lawino, mwaka 1956, wachapishaji waliukataa mswada. Mawakala wanaowasemea watunzi kwa wachapishaji, kama ilivyo desturi ya London, hawakuwa sehemu ya maisha ya mwandishi wa Afrika Mashariki. Aliyekataliwa alirudi na karatasi zake nyumbani. Mwaka huohuo Okot alikwenda Uingereza na timu ya kandanda ya Uganda, akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford.

Hatimaye alikuwa wakala wa nafsi yake. Aliutafsiri utungo huo kwa Kiingereza, nayo East African Publishing House ya Nairobi ikautoa mwaka 1966. Ajabu ni kwamba Lawino, mke anayemshutumu mumewe Ocol kwa kuzidharau mila za kwao, ilimpasa aseme Kiingereza kwanza ndipo asikilizwe. Kitabu cha Kiacholi kilitoka mwaka 1969, miaka mitatu baada ya tafsiri yake. Wahakiki husifu ufanisi huo. Mimi naona pia hasara, kwa kuwa mama alizaliwa baada ya mwana. Sisi wa Kiswahili tulimpokea Lawino mwaka 1975, kwa mkono wa Paul Sozigwa.

Okot alifundisha baadaye Nairobi, kisha Ife nchini Nigeria. Mwaka 1982 Makerere ilimpa uprofesa wa utunzi wa kubuni. Alifariki Kampala mwezi Julai mwaka huohuo.