Edward R. Murrow, mtangazaji aliyepanda juu ya paa la London

Ukisikia mwandishi wa habari akizungumza redioni kutoka palepale tukio lilipo, huku nyuma yake kukisikika magari, mvua au watu wakikimbia, ujue utangazaji wa namna hiyo haukuwapo tangu mwanzo. Kuna watu walioufungulia njia, na mmoja wao ni Mmarekani Edward R. Murrow. Sisi tunaofanya kazi hii tulifundishwa jina lake chuoni, lakini wengi wenu huenda hamjawahi kulisikia. Leo tunawaeleza alikuwa nani.

Alizaliwa Aprili 1908 karibu na mji wa Greensboro, jimbo la North Carolina, katika nyumba ya magogo isiyo na umeme wala maji ya bomba. Wazazi wake walikuwa wakulima, na jina walilompa ni Egbert. Angali mdogo, familia ilihamia upande wa pili wa nchi, jimbo la Washington, ambako baba yake alifanya kazi kwenye reli ya kubeba magogo. Kijana naye alifanya vibarua katika kambi za wakata miti. Jina la Egbert akaliacha, akawa Edward. Chuoni alisomea kuzungumza hadharani chini ya mwalimu Ida Lou Anderson, mwanamke aliyeugua polio utotoni. Miaka mingi baadaye mwalimu huyo, akimsikiliza mwanafunzi wake redioni, alimshauri atue kidogo baada ya neno la kwanza la salamu yake ya kila usiku. Mtu wa redio anaelewa ushauri huo. Kimya kifupi, kikiwekwa mahali pake, kinamfanya msikilizaji aache jembe asikilize.

Mwaka 1935 aliajiriwa na shirika la CBS, na mwaka 1937 akapelekwa London. Kazi yake haikuwa kutangaza, ilikuwa kutafuta watu wa kuzungumza kwenye vipindi. Machi 1938 majeshi ya Hitler yakaingia Austria. Murrow alikuwa Poland. Akakodi ndege nzima ya abiria, akapanda peke yake, akafika Vienna na kutangaza alichokiona. Hapo ndipo akawa mwandishi wa habari.

Lakini jina lake lilijengwa na London ya mwaka 1940. Ndege za Ujerumani zilikuwa zikiupiga mji mabomu usiku baada ya usiku, na Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Wamarekani wengi waliiona vita hiyo kuwa ugomvi wa watu wa mbali. Murrow aliomba ruhusa ya kutangaza moja kwa moja kutoka juu ya paa wakati mabomu yakianguka. Wakubwa wa Uingereza walisita, kwani neno moja la bahati mbaya lingeweza kumsaidia adui. Ilibidi kwanza arekodi majaribio kwa siku kadhaa kabla ya kukubaliwa. Usiku mmoja wa Agosti alisimama katikati ya London, karibu na handaki la kujikinga, ving'ora vikilia, akashusha maikrofoni hadi karibu na ardhi. Wasikilizaji wa Marekani wakasikia nyayo za watu wakienda handakini. Hawakukimbia, walitembea. Hakuhitaji kuwaeleza kwamba watu wa London wana moyo, maana nyayo zilikuwa zimekwisha kusema. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo kubwa katika kazi yake yote: alimwamini msikilizaji kwamba ana masikio na akili.

Ofisi yake ya London ililipuliwa zaidi ya mara moja. Baadaye alipanda ndege za kivita zilizokwenda kupiga mabomu Ujerumani. Katika safari ya Berlin ya Desemba 1943, waandishi wenzake wawili waliokuwa kwenye ndege nyingine waliuawa usiku uleule. Na Aprili 1945 aliingia kambi ya mateso ya Buchenwald, siku moja baada ya wafungwa kukombolewa. Zilipita siku tatu kabla hajatangaza alichokiona humo.

Vita vilipokwisha, ujasiri wa aina nyingine ukahitajika. Kuanzia mwaka 1950 seneta Joseph McCarthy alikuwa akiwatuhumu watu hovyo kuwa wakomunisti, na watu wakapoteza kazi kwa tetesi tu. Hata CBS iliwataka wafanyakazi wake watie saini karatasi ya kuthibitisha utii wao kwa nchi, na Murrow alitia saini. Tunalitaja hilo kwa sababu wengine humsimulia kana kwamba hakuwahi kuogopa. Oktoba 1953, katika kipindi chake cha televisheni, alionyesha habari za luteni mmoja wa jeshi la anga aliyetakiwa kuondolewa jeshini kwa sababu ya mambo waliyotuhumiwa baba yake na dada yake. Mwezi uliofuata luteni huyo alirudishiwa nafasi yake.

Kisha, Machi 9, 1954, ikaja zamu ya McCarthy mwenyewe. Murrow na mwenzake Fred Friendly walikusanya picha na sauti za seneta huyo, wakamwacha ajianike mwenyewe mbele ya watazamaji. CBS ilikataa kulipia tangazo la kipindi hicho gazetini, hivyo wawili hao wakatoa dola 1,500 mifukoni mwao. McCarthy alipewa nafasi ya kujibu mwezi uliofuata. Desemba mwaka huohuo Baraza la Seneti lilimkemea rasmi kwa kura 67 dhidi ya 22. Si Murrow peke yake aliyemwangusha, magazeti kadhaa yalikuwa yamemsema mapema zaidi. Lakini yeye alikuwa na mengi ya kupoteza, na kweli akayapoteza: mwaka 1955 mdhamini wa kipindi aliondoka, kipindi kikaacha kurushwa kila wiki, na mwaka 1958 kikafutwa kabisa.

Kazi ambayo tungependa ninyi wakulima muijue zaidi ilitoka Novemba 1960, siku moja baada ya sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru kwa mavuno, matumbo yakiwa bado yamejaa. Ilihusu vibarua wanaohama shamba hadi shamba wakichuma matunda na mboga, watu ambao wazee wetu wangewaita manamba. Wanaonekana alfajiri wakipangwa na kupakiwa kwenye malori. Mama mmoja anaulizwa amepata kiasi gani kwa kutwa nzima, anajibu dola moja. Wakubwa wa mashamba walikasirika sana.

Miezi michache baadaye Rais Kennedy alimteua Murrow kuongoza idara ya serikali ya kuitangaza Marekani nje ya nchi, na BBC ya Uingereza ikataka kuonyesha filamu hiyohiyo. Murrow akawaomba wasiionyeshe. BBC ilikataa, ikaionyesha. Hatuna namna ya kulipamba jambo hilo. Mtu aliyewatetea manamba wale alijaribu kuwanyamazisha mara tu mwajiri wake alipokuwa serikali. Chini ya idara hiyo ilikuwamo Sauti ya Amerika, ambayo matangazo yake ya Kiswahili yalianza mwanzoni mwa miaka hiyo ya sitini, Murrow akiwa ndiye mkuu.

Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, hata mbele ya kamera, ingawa mwaka 1955 kipindi chake kilieleza uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1963 alitolewa pafu moja. Alifariki Aprili 27, 1965, akiwa na miaka 57, na majivu yake yakatawanywa kwenye shamba lake huko Pawling, jimbo la New York.